MREJESHO: Muwasho kati ya vidole vya miguu
Niliuliza kwa nini ngozi kati ya kidole cha nne na cha tano inageuka nyeupe, inachubuka na kunuka, na krimu ya betamethazoni (steroidi ya kutuliza uvimbe na muwasho, haiui fangasi) haisaidii. Ni fangasi. Maabara walikwangua magamba ya pembeni, wakayadondoshea potasiamu haidroksaidi (huyeyusha seli za ngozi), nyuzi za fangasi zikaonekana kwenye hadubini. Betamethazoni ilikuwa inatuliza muwasho tu huku fangasi wakisambaa chini kwa chini.

Sasa ni krimu ya kuua fangasi, klotrimazoli 1%, mara 2 kwa siku, wiki 4, hata muwasho ukiisha mapema (hapo ndipo wengi huacha). Kausha kabisa katikati ya vidole kabla ya kupaka. Viatu vya kufunika usivirudie kesho yake, havijakauka. Na kama kinena nacho kinawasha, vaa soksi kabla ya chupi, ili chupi isibebe fangasi kutoka miguuni ikipita.