Kuingiza mguu wa pili kwenye klipu za pedali, baiskeli isiyo na friwili

Mpanda wa Tudor:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi uliopita nilinunua baiskeli ya mitumba ya gia moja isiyo na friwili, yaani ile ambayo gurudumu la nyuma likizunguka pedali nazo huzunguka, upende usipende. Pedali zake zina klipu za chuma za kushika vidole, na katika kila klipu umepita ukanda wa ngozi wenye bizimu. Mguu wa kulia nauingiza kabla sijaondoka, na hapo sina tatizo. Taabu yangu ni mguu wa kushoto. Nikishaondoka, pedali ya kushoto hupinduka kwa uzito wa klipu, klipu ikaning'inia na kukwaruza lami, nami nikabaki kuisaka kwa ncha ya kiatu huku nikitazama chini badala ya kutazama njia.

Juzi pale Mwembe Tayari, hapa Mombasa, niliinamisha kichwa mara moja tu, na nilipoinua macho palikuwa na mkokoteni wa maji mbele yangu. Nilikamata breki ya mbele na kusimama kwa wakati, lakini mguu wa kulia ulikuwa umefungwa barabara, nikaangukia upande huo huo na kuchubuka kiwiko. Sitaki kuziondoa klipu, kwa sababu nimekwisha kuona jinsi zinavyonisaidia kupunguza mwendo kwa kuzizuia pedali bila mguu kuchomoka. Naomba mnifundishe mguu wa pili huingizwaje, na hutolewaje kabla mambo hayajaharibika.

Fundi wa Majengo:

Waaleikum salaam mwanangu, na pole kwa kuchubuka. Kwanza nikuondolee haraka, maana ndiyo iliyokuangusha. Pedali iliyopinduka bado ni pedali: weka mguu juu ya mgongo wake na uendelee kukanyaga, hata kama ni mwendo wa kutoka Mwembe Tayari hadi Sabasaba, mpaka upate mahali peupe. Klipu itakwaruza lami ukilala sana kwenye kona, kwa hiyo kona za namna hiyo uzipite ukiwa wima.

Ukifika mahali peupe, sikiliza kwa unyayo. Pedali nzuri ina ulimi mdogo wa chuma upande wa nyuma, mkabala na klipu. Pedali inapopita kilele na kuanza kushuka kwa mbele, gusa ulimi huo kwa nyama ya kidole gumba, uburute unyayo nyuma kidogo kama mtu anayepangusa mchanga mlangoni, na pua ya klipu itainuka yenyewe. Hapo sukuma mguu mbele, basi umeingia. Usiupige teke ulimi, kwa sababu pedali itazunguka zaidi ya ulivyotaka na kukurudia kifudifudi. Ikikukosa, iache ipite, usiifuate, itarudi.

Itarudi lini? Hili lihesabu mwenyewe. Ukiwa na meno 48 mbele na 16 nyuma, kila mzunguko wa pedali huzungusha gurudumu mara 3, na kwa gurudumu la kawaida la baiskeli ya mbio, lenye mzingo wa takriban mita 2.1, hiyo ni mita 6.3 hivi. Ukienda kilomita 10 kwa saa, pedali humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde mbili na ushei, muda unaotosha kabisa kwa mguu mtulivu. Ukienda kilomita 25 haifiki hata sekunde moja, na huko ndiko wengi wanakojaribu, kwa kuwa wanaona haya kwenda polepole mbele ya matatu.

Mwendesha wa Kizingo:

Mzee Fundi amesema kweli yote kuhusu kuingia, nami naongeza kuhusu kutoka, kwa sababu naamini hapo ndipo palipokuumiza, kaka. Nina hakika ulijaribu kuuvuta mguu kwa ubavu. Klipu haitoi mguu kwa ubavu. Huutoa kwa nyuma peke yake, kama unavyovua ndara. Mwili ukishtuka husahau jambo hilo, kwa hiyo lifundishe ukiwa umesimama, umeegemea ukuta, ingia na utoke mara hamsini hata isiwepo haja ya kufikiri. Katika baiskeli inayotembea, mguu huwa mwepesi pedali inapopanda kwa nyuma, na hapo ndipo pa kuuvuta.

Mikanda yote miwili iache imelegea kwa wiki kadhaa za mwanzo. Klipu peke yake yatosha kuzuia mguu usiteleze mbele, na kwa mjini sijaona haja ya kukaza zaidi ya hapo. Siku utakapokaza, jifunze kuufungua kabla ya makutano na si ndani yake: unasukuma bizimu kwa kidole gumba kuelekea nje, ukanda unalegea. Kabla ya kusimama, geuza usukani kidogo kulia. Baiskeli itaelemea kushoto, upande wa mguu wako ulio huru. Nimeanguka kama wewe, mbele ya kivuko cha Likoni, umati wote ukitazama, na tangu siku hiyo sijaacha kufanya hivyo.

Kwa mazoezi nenda barabara ya Mama Ngina baada ya swala ya alfajiri, kule kwenye mibuyu, kabla magari hayajaamka. Na breki ya mbele usiiondoe hata ukiambiwa na nani.

Dereva wa Nyali:

Ndugu Mpanda, nina mambo mawili yaliyobaki. La kwanza ni kuondoka. Kwa kuwa pedali hairudishwi nyuma kama kwenye baiskeli nyingine, shika breki ya mbele, sukuma usukani mbele kwa uzito wa mwili hadi gurudumu la nyuma liinuke, kisha nyanyua mguu uliofungwa mpaka pedali ipite kidogo kilele. Ukikanyaga kutoka hapo, unapata mwendo wa kutosha kabla ya kuutafuta ule wa pili.

La pili ni ngozi. Jasho na hewa ya bahari huukausha ukanda na bizimu hushika kutu, nao ukanda uliokauka haulegei unapouhitaji. Upake mafuta, na ndani ya pedali uusokote mara moja ili usitambae. Tena angalia kama pua ya klipu inagusa tairi la mbele unapokata kona ya mwendo mdogo, jambo linaloweza kukuangusha kama hiyo mikanda.

Mpanda wa Tudor:

Nawashukuru sana. Nimepima sasa hivi ukumbini: klipu ya kulia inagusa tairi usukani ukikatwa nusu, na bizimu ya upande huo imeshika kutu kiasi kwamba haisogei kwa kidole gumba. Kumbe nilikuwa nimefungwa kweli. Mzee Fundi, je, bizimu kama hii hulainishwa kwa mafuta ya taa, au ninunue ukanda mpya?

Fundi wa Majengo:

Nunua mpya mwanangu, yote miwili, na usipande hiyo baiskeli kabla hujaibadilisha hiyo mikanda.