Mnaotengeneza app za mizigo, "saa 9:00 asubuhi" ni saa ngapi?

Wakuu wiki nzima nimekaa na hili jambo rohoni, leo acha niseme.

Mama yangu mkubwa anauza mawese pale Mwandiga, Kigoma. Mwezi uliopita walipita vijana sokoni wanawaambia kina mama habari za kumbembeleza dalali wa lori zimekwisha, unapakua app, unabuku nafasi ya mzigo mwenyewe, unalipa advansi kwa simu basi. Mama akabuku madumu 24 ya kwenda Tabora. App ikamwandikia gari linaondoka "saa 9:00 asubuhi". Jamani, saa tisa ya asubuhi ndo ipi? Saa tisa tunayoijua sisi ni mchana au ni usiku. Mama akajua wamekosea tu hapo kwenye asubuhi, akafikisha mzigo saa nane na nusu mchana, kakodi na guta, akakuta gari limeondoka tangu saa tatu. Kumbe mtu kachukua saa ya kizungu akabandika "saa" mbele na "asubuhi" nyuma akaona katafsiri! Na advansi hawarudishi, eti mteja hakufika kwa muda.

Nikaichukua ile simu niangalie mwenyewe. Kuna kitufe kimeandikwa "Okoa", yaani walitaka kusema hifadhi. Mama ananiuliza, "Okoa nini mwanangu, kuna mtu kazama?" Tarehe ya kuzaliwa inaanzia mwaka huu halafu unarudi nyuma mwezi mmoja mmoja, mtu wa 1966 hebu hesabu anabonyeza mara ngapi, tena kwa kidole chenye mawese. Ukitoka kidogo kusoma namba ya siri iliyokuja kwa meseji, ukirudi fomu yote imefutika na ile namba 20 za NIDA unaanza upya. Maandishi ni kijivu juu ya nyeupe, kwenye jua la sokoni huoni kitu, wakati viwango vya WCAG, ile miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti na app zitumike na kila mtu, viko wazi kabisa kwamba maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na nyuma yake walau 4.5 kwa 1.

Nimewapigia wananijibu "tulifanya utafiti wa watumiaji". Mliufanyaje? Mliita watu ukumbini mkawarushia picha za skrini kwenye projekta mkauliza mmeipenda? Mtu umempa soda na nauli, atakwambia mbaya? Huo sio utafiti, mnadanganya waliowapa hela. Unampa mtu simu mkononi, unamwambia buku mzigo wa kesho wa Tabora, halafu unafunga mdomo unaangalia kidole kinasita wapi. Hata gharama sio kisingizio, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti na programu, kaandika tangu 2000 kwamba ukijaribu na watu 5 tu unaibua sehemu kubwa ya matatizo. Watano! Pale Mwandiga benchi moja la chai linakupa hao watu.

Mimi si dizaina, nina kibanda cha stesheneri, ila nilikwenda. Kina mama watano, mmoja mmoja, kila mmoja namwonyesha ile skrini namuuliza gari linaondoka saa ngapi. Wanne wakasema saa tisa mchana. Wa tano akafikiri sana akasema labda usiku, ndo maana wameandika asubuhi, yaani kuamkia asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyesema saa tatu. Hiyo kazi haikunichukua hata saa nzima na sikulipwa na mtu.

Nikawaandikia yote hayo kwenye app yao. Jibu likaja "tumepokea maoni yako". Leo asubuhi nimefungua, bado ni saa 9:00 asubuhi vilevile. Kuna mama wa Ujiji kabuku gari la Ijumaa, nimempigia mwenyewe nimwambie afike saa mbili na nusu.