Kanisa limejaa, waumini wako wapi? Tupeane uzoefu

Wapendwa, salamu. Niko kwenye kitengo cha mapokezi kanisani muda mrefu sasa, na mlangoni unaona mengi ambayo mchungaji haoni. Viti vinajaa. Ila "amina" ya mwisho ikitoka tu, watu wanapita kama wanakimbizwa. Mtu anasali mwaka mzima na hakuna anayejua jina lake. Akiumwa, tunasikia habari zake kwenye tangazo la msiba.

Matapeli wa upako tuwaweke kando, wameshasemwa vya kutosha. Nawauliza nyie mnaokaa kwenye viti: wapi uliona imani imegeuka maonyesho, au wapi uliona bado ipo? Leteni mliyoyaona wenyewe, si ya kusikia.

Mwanakwaya mstaafu
Kwaya yetu ilikuwa inaanza mazoezi kwa kuulizana hali: nani kafiwa, nani hana kazi. Zikaja kamera, kuulizana kukafa, tukawa tunafundishwa sare na mikao. Siku moja dada aliyesimama ubavuni kwangu alilia kweli katikati ya wimbo wa toba, mpaka akashindwa kuimba. Baada ya ibada akaitwa pembeni, akaambiwa ameharibu picha. Kwaya niliaga mwezi huohuo. Kanisani bado nipo, nakaa nyuma.

Mhesabu sadaka
Mimi nashika daftari la ahadi. Zile zinazotolewa kwenye kipaza sauti, watu wakipiga makofi, ndizo ninazofukuzana nazo hadi mwaka unaisha. Bahasha isiyo na jina ya mfuko wa wajane haijawahi kunisumbua, ni ndogo lakini inafika. Watu wanamkumbuka Anania, yule wa kwenye Biblia aliyeuza kiwanja akaficha sehemu ya fedha, kama bahili. Someni tena Matendo 5: Petro alimwambia wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kuuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Angeweza kutoa nusu na kusema ni nusu. Kilichomponza ni kutaka aonekane ametoa yote.

Mbishi wa uzi
Mleta mada, unaongea kama zamani kulikuwa na kanisa safi. Lilikuwa wapi? Paulo aliwagombeza Wakorintho kwamba kwenye meza ya Bwana huyu ana njaa na yule amelewa. Kanisa la Laodikia, kwenye Ufunuo, liliitwa vuguvugu wakati mitume bado wanakumbukwa. Bibi yangu hakukosa ibada hata moja, na alituambia mwenyewe alikuwa anaogopa kusemwa. Leo asiyetaka anabaki kwake. Mimi naona hapo tumepiga hatua.

Mleta mada
Nakubali nusu, mkuu. Lakini bibi yako asingeonekana wiki moja, si wangemfuata nyumbani? Hata kama wangemfuata kwa umbea.

Mbishi wa uzi
Wangemfuata, tena kwa umbea kweli.

Wa mtandaoni
Kanisa letu lilipofungwa 2020 kwa ajili ya korona nilihamia kwenye simu, na lilipofunguliwa sikurudi. Nilikuwa napiga pasi huku nasikiliza, mahubiri yakinichosha naruka mbele. Kanisa liliendelea kunitumia namba ya kutuma sadaka, na hakuna mtu aliyeuliza kama mzima. Aliyenitafuta ni mama anayefanya usafi kanisani. Hakunihubiria hata mstari mmoja, aliuliza tu kama naumwa. Sasa Jumamosi naenda kumsaidia kupanga viti. Ibada nzima bado inanishinda, siwadanganyi.

Kiongozi wa seli
Seli yetu, yaani kikundi kidogo cha waumini cha kuombeana, ilikuwa ya kujaza fomu: waliohudhuria wangapi, wageni wangapi, sadaka kiasi gani, kisha tunatawanyika. Fomu tukaziacha, na ofisi haikufurahi. Siku hizi mtu akiomba aombewe jambo, wiki inayofuata anaulizwa lilifikia wapi. Wapo walioondoka wakisema tunawachimba, na siwalaumu, si kila mtu anataka kuulizwa. Waliobaki wanagombana, wanadaiana, wanapatana. Karibuni mmoja alitueleza kwamba amekuwa akinywa kwa siri huku anaongoza maombi. Kulikuwa kimya, halafu mwenzake akasema, "Na mimi." Tulikubaliana habari hiyo isifike kwa mzee wa kanisa. Najua humu kuna wazee watakaonipinga, ila ingefika, wiki ya pili ningekaa na viti vitupu.