Mlango wa Kushoto Unaovuma (Kikundi: Familia ya Makorora)

Mwanahamisi, 3:10 asubuhi
Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Mlango wa kushoto wa gari langu unavuma kama nyuki ndani ya debe kila redio inapotoa besi, na nikishika njia ya vumbi ya kwenda shambani Pongwe unaongeza mlio wa kugongagonga. Fundi aliyebadilisha mota ya kioo mwezi uliopita anasema ninunue spika mpya. Je, nimsikilize?

Mjomba, 3:25 asubuhi
Marahaba, mpwa wangu. Usinunue kitu kwanza. Mlango uliokuwa kimya ukianza kulia baada ya kufunguliwa, mara nyingi kuna kitu ambacho hakikurudishwa mahali pake. Egesha gari, zima injini, weka wimbo wenye besi nzito, kisha Bakari abonyeze paneli, yaani kifuniko cha ndani cha mlango, kwa kiganja, kuanzia kwenye spika hadi kwenye mfuko wa chini na pembe zote. Pale mlio utakapokatika, tatizo lipo hapo au jirani yake.

Mama Mdogo, 3:31 asubuhi
Kaka, naomba wimbo huo usipigwe mchana wakati watoto wamelala.

Bakari, 3:40 asubuhi
Mjomba, gari langu la zamani nililijaza sponji mlango mzima, likanyamaza. Kwa nini tusifanye hivyo?

Mjomba, 3:52 asubuhi
Kwa sababu sponji hunywa maji. Mvua inayopenya kwenye mpira wa kioo hushuka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu madogo ya chini. Ukiyaziba, maji yatatuama na bati litaoza kutoka ndani, nasi tunaoishi kwenye hewa hii ya chumvi hatuna haja ya kuisaidia kutu. Kabla ya kuchomoa waya wowote, ondoa terminali hasi ya betri, kwa kuwa baadhi ya milango ina mfuko wa hewa wa usalama. Tafuta skrubu zilizojificha nyuma ya mkono wa kufungulia, ndipo uvute paneli taratibu kutoka chini.

Mwanahamisi, 10:15 alasiri
Tumeifungua. Klipsi nne za kushikilia paneli hazipo kabisa, nailoni iliyobandikwa nyuma yake inaning'inia upande mmoja, na kile chuma chembamba kinachokwenda kwenye kitasa kimetoka kwenye kishikizo chake cha plastiki. Spika yenyewe ni nzima, ila skrubu yake moja imelegea.

Mjomba, 10:29 alasiri
Basi umepata majibu yote mawili: chuma hicho ndicho kinachogonga bati njiani, na paneli isiyo na klipsi ndiyo inayovuma kwa besi. Rudisha chuma kwenye kishikizo, na pale kinapopita karibu na bati kizungushie utepe wa kitambaa. Ule wa mafundi umeme gundi yake huyeyuka kwa joto letu. Nailoni usiitupe kama wafanyavyo wengi, maana ndiyo inayozuia maji yasiingie ndani ya gari. Ibandike kwa gundi nyeusi isiyokauka, wala usitumie silikoni yenye harufu ya siki, kwani asidi yake hula chuma. Kaza spika, na kabla ya kufunga paneli pandisha na kushusha kioo uone kama kuna kinachokwama.

Bakari, 10:34 alasiri
Na klipsi?

Mjomba, 10:36 alasiri
Nenda na moja kama sampuli kwenye maduka ya vipuri Ngamiani, kwa sababu hata tofauti ndogo ya unene huifanya icheze ndani ya tundu lake, nawe utarudi kwenye kelele ileile.

Mwanahamisi, 1:20 usiku
Besi imetulia, Mjomba. Umebaki mlio mdogo kioo kikiwa nusu wazi, lakini kikifungwa hausikiki.

Mjomba, 1:26 usiku
Huo ni mpira wa njia ya kioo umechakaa. Kesho nitakuja kuupima kabla hujaubadilisha.

Mama Mdogo, 1:28 usiku
Njoo baada ya saa kumi, kaka, na redio ibaki imezimwa.