Kama kitenzi ni "go", "went" imetoka wapi?

MamaNeema: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, tulikuwa tunapitia vitenzi vya Kiingereza. "Walk" ikawa "walked", "play" ikawa "played". Kufika "go" akaandika "goed". Nikamwambia ni "went". Akauliza, "Mama, hiyo W imetoka wapi?" Nikabaki namtazama. Anayejua anisaidie.

FundiRedio: Dada, hizo ni za kukariri tu. Go, went, gone. Sisi tulizikariri hivyohivyo.

MwalimuMstaafu: Marahaba MamaNeema. Swali la binti lina jibu, asiambiwe akariri tu. "Went" haikutokana na "go" hata kidogo. Ni wakati uliopita wa kitenzi kingine, "wend". Kwenye Kiingereza cha kale kilikuwa "wendan", maana yake kugeuka, baadaye kikawa kushika njia, kwenda. Mwandikie send/sent, bend/bent, spend/spent, halafu chini yake wend/went. Ataona mwenyewe.

"Go" nayo zamani ilikuwa "gan", na wakati wake uliopita ulikuwa "eode", ambayo pia haifanani nayo! Hiyo "eode" ikafifia, watu wa kusini mwa Uingereza wakaichukua "went" kuziba pengo, na kufikia karne ya 15 ilikuwa imeshika. Scotland wao walitengeneza "gaed" kutokana na "go" yenyewe, yaani walifikiri kama binti yako. Kwa hiyo usimkemee kwa "goed", akili yake inafanya kazi vizuri sana. "Gone" ndiyo ya ukoo wa "go". "Wend" iliyonyang'anywa "went" yake ikapewa "wended", na siku hizi husikika kwa nadra.

KijanaWaTanga: Shikamoo mwalimu. Mbona "wend" na "kwenda" zinakaribiana, na maana ileile? Hazina undugu?

MwalimuMstaafu: Marahaba kijana. Hazina, zimesadifiana tu. "Kwenda" ni ya Kibantu. Wahaya na Wanyarwanda husema "kugenda", sisi ile G tumeiangusha. Na tusiwashangae Waingereza, maana sisi kwenye "kuja" tunamwita mtu "njoo". Mtoto wetu haulizi kwa sababu amelisikia tangu anatambaa. Ndivyo maumbo ya ajabu yanavyodumu: yanakaa kwenye vitenzi vinavyosemwa kutwa nzima. Kisichosemwa sana huburutwa kwenye kanuni. "Help" zamani ilikuwa na "holp", leo ni "helped".

MamaNeema: Mungu akubariki mwalimu. Nimempangia send/sent mpaka wend/went, akapiga makofi. Sasa amehamia kwenye "be" na "was".

MwalimuMstaafu: Hapo kuna mizizi zaidi ya miwili, mama. "Am" na "is" ni ukoo mmoja, "be" mwingine, na "was" imetoka kwenye "wesan". Mwambie aziandike kwa mafungu hayo kwanza, kesho tuendelee.