Bastola ya nusu otomatiki ya risasi za magnum: Desert Eagle .44 au Coonan .357?

Mlenga_Taratibu
Ndugu zangu wapenda shabaha, nimeweka akiba kwa muda mrefu na sasa nataka kununua bastola ya nusu otomatiki inayotumia risasi za rivolva za magnum, yaani zile zenye nguvu kuliko za kawaida. Nimebakiwa na mbili: Desert Eagle mpya ya .44 Magnum, na Coonan ya .357 Magnum iliyokwisha kutumika. Ningependa kujua mngechagua ipi.

Mzee_wa_Duluth
Kijana wangu, swali lako halijakamilika. Unaishi jimbo gani, bastola hiyo ni ya kazi gani, na kiganja chako kina ukubwa gani? Desert Eagle ina uzito wa karibu kilo 2 kabla hujaipakia, ilhali Coonan ina takriban kilo 1.2, na tofauti hiyo mkono hauisahau.

Mlenga_Taratibu
Shikamoo mzee, na uniwie radhi. Niko Minnesota, na kibali cha kununulia bastola ninacho. Nataka kulenga shabaha mwishoni mwa juma, na pengine kuwinda kulungu msimu ujao.

Binti_Pangani
Kama kuna kulungu, chukua .44. Lakini elewa kwanza unachokinunua, kaka. Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935 na ile ya .44 mwaka 1955, zote zikiwa zimebuniwa kwa ajili ya rivolva, ambamo ukingo wa kitako cha ganda ndio unaoizuia risasi isitumbukie ndani ya tundu lake. Ukizipanga ndani ya magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ukingo huohuo unageuka kuwa kikwazo: kila risasi unayoongeza lazima ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa risasi iliyo chini yake, la sivyo zitanasana na ya juu haitasogea. Mimi hupakia polepole, nikiipapasa kila moja kwa kidole gumba.

Mzee_wa_Duluth
Bibie amesema kweli, nami naongeza lililonipata. Desert Eagle haifanyi kazi kama bastola za kawaida. Gesi hupenya kwenye kitundu kidogo cha mtutu, hupita chini yake hadi mbele, kisha husukuma pistoni inayorudisha nyuma slaidi, yaani sehemu ya juu inayoteleza, na bolti yake, kipande kinachofunga nyuma ya risasi, huzunguka kama ya bunduki. Ndiyo maana haitaki vichwa vya risasi visivyovikwa koti la shaba. Mimi nilinunua kwa muuzaji mmoja kisanduku cha risasi zilizojazwa upya, akanihakikishia kwamba zinafaa. Magazini ya kwanza ilikwenda vizuri. Kufikia ya tatu, slaidi ilikuwa inarudi nusu tu, na ganda likabaki limesimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda. Jioni ile nilikaa mezani nikikichokonoa kitundu kile, kikitoa vipande vya kijivu, laini kama nta iliyoganda. Ilikuwa ni risasi yenyewe, nikiwa na maana ya madini, iliyosuguliwa kutoka kwenye vichwa vile na kuziba njia ya gesi. Tangu siku hiyo sipakii kitu nisichokijua kimetoka wapi.

Mkongwe_1971
Wote mmemsahau mwanzilishi wa mambo haya, nayo ni bastola ya Auto Mag ya mwaka 1971. Mwenye kupata moja iliyo nzima asitazame nyingine.

Binti_Pangani
Hapana, mzee wangu. Risasi ya Auto Mag, .44 AMP, haina ukingo, kwa kuwa ganda lake lilikatwa kutoka la bunduki, kwa hiyo si risasi ya rivolva. Ungetaja bastola ya Grizzly Mark IV ya kule Utah ningekubaliana nawe, kwani hiyo ilitumia .44 Magnum halisi.

Mkongwe_1971
Nguvu zake ni zilezile, na kilichokusudiwa ni kilekile. Sioni kwa nini ukingo utengue historia.

Fundi_Mtulivu
Turudi kwa mnunuzi. Coonan imejengwa kwa mfumo wa 1911, ile bastola ya zamani ya Colt, hushika risasi 7 na hukaa vizuri hata kwenye kiganja cha wastani. Hata hivyo kiwanda chake kimefungwa, na springi au magazini utazitafuta mwenyewe. Desert Eagle hushika 8 za .44, na kwenye toleo lake la Mark XIX unaweza kuhamia risasi kubwa zaidi ya .50 AE kwa kubadili mtutu na magazini tu, kwa sababu kitako cha ganda la .50 kilipunguzwa kikalingana na cha .44. Jambo hilo binafsi nalithamini sana.

Mlenga_Taratibu
Nimewasikia, ila moyo bado unavutwa na Coonan, maana leo nimeishika na vidole vimeizunguka bila shida. Inauzwa ikiwa na magazini moja tu, nayo mdomo wake umepinda kidogo upande wa kushoto. Je, kuna aliyewahi kuunyoosha mdomo wa magazini ya namna hiyo na risasi zikapanda sawasawa?

Mzee_wa_Duluth
Weka picha yake kwanza, ipigwe kutoka juu.