Jipu langu limegeuzwa mjadala wa kundi zima

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira. Yupo mtu ambaye nyote mnamjua, asiyeweza kukaa na siri hata kwa muda wa kupiga chafya, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Leo nilimtumia, yeye peke yake, picha ya jipu lililonitoka mgongoni, ili amwonyeshe nduguye aliye tabibu. Nilichagua ile picha ya kutazamwa mara moja, ambayo WhatsApp iliileta mwaka 2021 na baadaye ikazuia isipigwe skrini. Bwana huyu akachukua simu yake ya pili, akaipiga picha simu ya kwanza, akairusha kwenye kundi lenye watu wa kutosha kuanzisha taifa, na chini yake akaandika: "Jamani, nani ana dawa ya hii?"

Nani ana dawa! Ujumbe umesimbwa njia nzima ili wadukuzi wasiusome, kumbe mdukuzi ndiye niliyemwandikia. Msimamizi wa kundi, ambaye angeweza kuufuta kwa wote, amenishauri nilikande kwa maji ya moto. Nani ana dawa!

Mzee Kijiti: Pole sana, ingawa nami nimo katika kundi hilo, na kwa haki lile jipu limeiva.

Binti Subira: Afadhali jipu, maana litapona. Mimi mtu huyo huyo alisambaza picha ya kitambulisho changu, chenye namba na tarehe ya kuzaliwa, kwa madai kwamba ananitafutia kazi. Tarehe ya kuzaliwa nitaibadilishaje?

Mtoa mada: Hakukuandikia "nani ana dawa"!

Mla Bando: Yote hayo ni madogo. Simu yake huhifadhi kila picha ya kawaida kwenye galari, na nakala rudufu huenda mtandaoni bila kusimbwa mwisho hadi mwisho, mpaka mwenyewe awashe ulinzi huo. Picha zangu nilizifuta kwangu, ilhali kwake zimejaa tele na wanawe huzipitia wakitafuta katuni.

Binti Subira: Usikipunguzie uzito kitambulisho changu. Fungua uzi wako.

Mla Bando: Nimekwisha kuufungua, na wa kwanza kuchangia ni yeye, akiomba nimtumie hizo picha ili aone tatizo liko wapi.